Ramani ya A1 ikitoka PDF, ipime kwa rula kwanza ndo uisifie

Wadau wa upimaji na michoro, leo nataka kuongelea kitu ambacho wapima wengi wa huku Tanga tukikutana hatukiongelei, tunaongelea mashine na posho za fildi tu basi. Mtu anamaliza kazi juani, bikoni, zile alama za mipaka, zimekaa vizuri, mahesabu yamekubali, mchoro kwenye kompyuta unapendeza kabisa, afu dakika ya mwisho anabonyeza Plot, anaacha Fit to paper, yaani programu iubane au iutanue mchoro uenee karatasi, OK, anaweka kwenye flashi, anaondoka. Hajapima chochote kwenye hiyo PDF. Ameangalia tu kwamba mistari yote ipo.

Sasa ngoja nikupe hesabu moja ndogo uone kwanini inaniuma. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30, skeli 1:500. Kwenye karatasi kinatakiwa kiwe milimita 40 kwa 60. Programu ikibana mchoro kidogo uingie ndani ya majini ya karatasi, zile nafasi tupu za pembeni, tuseme imeshuka mpaka asilimia 97, ambayo kwa macho huwezi kuiona hata ukodoe vipi, ule upande wa milimita 60 unakuwa 58.2. Mwenye kiwanja anaweka rula, anasoma mita 29.1. Upande wa pili anasoma 19.4. Kiwanja chake cha mita za mraba 600 kimekuwa 564 na ushee, mita za mraba 35 zimeyeyuka na hakuna jirani aliyesogeza bikoni. Na ramani juu imeandikwa 1:500 kwa herufi kubwa. Hapo umeshatengeneza kesi, na siku ya kesi wewe mchoraji hutakuwepo.

Ndo maana nasema PDF ya ramani ya viwanja lazima rula ikikaa juu yake itoe mita sahihi, ikishindwa hapo hata iwe na rangi za kupendeza kama kanga mpya haina kazi.

Tuanze na karatasi yenyewe, mana watu wanachora kwanza afu ndo wanatafuta karatasi ya kutosha, mimi naona ni kinyume. A0 ni milimita 841 kwa 1189, ambayo ukizidisha unapata mita ya mraba moja. Ikunje katikati unapata A1, 594 kwa 841. Kunja tena A2, 420 kwa 594, afu A3, 297 kwa 420. Kila hatua moja urefu unazidishwa kwa kama 0.707, na hatua mbili unapungua nusu kamili. Hii nusu ndo rafiki yetu. Ukichora A1 kwa 1:500 mtu akaiprinti kwenye A3, kila kitu kimekuwa nusu, kwahiyo ramani yake ni 1:1000 safi na rula inafanya kazi. Lakini akiiweka kwenye A2 anapata 1:707, na sijawahi kuona duka linalouza rula ya 1:707. Kwahiyo kwenye kile kisanduku cha chini kulia chenye jina la mradi mimi naandika zote mbili, 1:500 kwa A1 na 1:1000 kwa A3, na ya A2 siiongelei kabisa wala simpi mtu wazo.

Kwanini tunahitaji makaratasi makubwa hivi wakati kila mtu ana simu? Kama umewahi kukaa kwenye kikao cha urasimishaji, kile cha kupima na kumilikisha makazi yaliyokwisha kujengwa, huwezi kuuliza. Mchoro unabandikwa ukutani ofisi ya mtaa, watu wamejaa mpaka nje, mama mmoja anatafuta nyumba yake kwa kuanzia msikitini, mwingine anaanzia kwenye mwembe ambao haupo kwenye ramani, vijana wanaonyeshana kwa vidole. Mzee anakuja anakuambia, "Mwanangu, nionyeshe hapa pangu panaishia wapi," na wewe unatakiwa uweke kidole kwenye mstari ambao yeye anauona bila miwani. Hiyo huwezi kuifanya kwa simu wala kwa A4. Na kwenye mitaa iliyokaa kwa mistari kama Ngamiani, zile barabara zenye namba, angalau mtu anahesabu tu barabara anafika kwake, ila nenda pembezoni Pongwe au Masiwani huko ambako nyumba zilitangulia na mchoro umekuja nyuma, karatasi ndogo ni ugomvi mtupu.

Haya, kwenye programu sasa. Naongelea AutoCAD, programu ya kuchorea, kwa sababu ndo iko kwenye ofisi nyingi, ila ndugu zake karibu wote wanafanana kwenye hili. Upande wa modeli, pale unapochora ardhi yenyewe, chora kwa mita, koodineti zako halisi, usipunguze chochote. Leyauti, ule ukurasa wa karatasi ya kuprinti, iwe kwa milimita. Ukishafanya hivyo skeli inakuwa hesabu ya darasa la nne: mita moja ya modeli ikiwa milimita moja ya karatasi hiyo ni 1:1000, kwahiyo ndani ya viuporti, lile dirisha la kwenye leyauti linaloonyesha modeli, unaandika ZOOM kisha 1xp. Ukitaka 1:500 ni 2xp, 1:2000 ni 0.5xp, 1:2500 ni 0.4xp. Ukimaliza funga viuporti, weka loki, mana ukiingia tena ndani kurekebisha herufi moja ukazungusha kile kigurudumu cha mausi kwa bahati mbaya skeli imeondoka na hakuna kengele itakayolia. Mpaka wa viuporti wenyewe uweke kwenye leya (tabaka la mchoro) isiyoprinti, la sivyo utatoka na fremu ya ajabu katikati ya ramani watu wakadhani ni barabara.

Kwenye Page Setup mambo ni machache ila kila moja ina kisu chake. Printa chagua DWG To PDF.pc3. Karatasi sasa, hapa watu wengi wanapita haraka, utaona A1 mbili tatu zinafanana majina, chagua ile iliyoandikwa ISO full bleed A1 yenye 841.00 x 594.00. Hiyo full bleed haina majini, karatasi yote ni yako mpaka ukingoni. Ile ya kawaida inakukatia majini kila upande, utaiona ile mistari ya vitone imeingia ndani ya fremu yako, na kinachofuata ni kwamba fremu haienei, na kwa sababu haienei kidole kinaenda chenyewe kwenye Fit to paper, na ukishafika hapo tumerudi kwenye zile mita za mraba 35. Eneo la kuprinti weka Layout, skeli weka 1:1, milimita moja kwa yuniti moja. Kwenye leyauti skeli ya kuprinti ni 1:1 siku zote, zile 1:500 na 1:1000 zinakaa ndani ya viuporti, usizichanganye. Nimeona michoro mtu kaweka 1:500 ndani ya viuporti afu na kwenye Plot kaweka tena 1:500, PDF ikatoka nyeupe ina kidoti kimoja kama nzi katua, akasema programu imeharibika.

Rangi. Kwenye kioo cheusi njano inang'aa, kwenye karatasi nyeupe njano haipo. Kama mchoro unatoka mweusi na mweupe tumia monochrome.ctb, faili linaloamua rangi na unene wakati wa kuprinti, inageuza zile rangi 255 za namba zote kuwa nyeusi na unene unaufuata ule uliopanga kwenye leya. Ila kuna mtego: ctb inazijua rangi za namba tu. Kama mtu amekupa mchoro ambao vitu vimepakwa rangi ile ya kuchanganya nyekundu kijani na bluu kwa viwango vyake, hizo zinapita ctb kama hazijaiona, zinatoka na rangi yake vilevile, ndo unakuta ramani nyeusi yote isipokuwa mtaro mmoja wa zambarau na unahangaika nusu siku kutafuta kosa kwenye ctb ambayo haina kosa.

Unene wa mistari usiuache ujiamulie. Namba zinazotumika ni 0.13, 0.18, 0.25, 0.35, 0.5, 0.7, na ukiangalia vizuri kila moja ni ile ya nyuma mara 1.41 hivi, uwiano uleule wa karatasi za A, kwahiyo ukishuka kutoka A1 kwenda A2 mstari wa 0.35 unaangukia kwenye 0.25 bila kubahatisha. Mimi mipaka ya viwanja naiweka 0.35, nyumba zilizopo 0.18, barabara 0.25, fremu 0.7. Kazi za huko Lushoto kwenye milima kontua, ile mistari ya mwinuko, zinabanana mpaka zinakuwa doa jeusi, hizo ndo ntaweka 0.13 na ile ya kila baada ya tano 0.25, na hata hapo kama mteremko ni mkali bora uache zile ndogo kabisa kwenye kipande hicho kuliko kumpa mtu doa. Herufi vilevile, fikiria A3 wakati unachora A1. Herufi ya milimita 2.5 ikikatwa nusu ni 1.25, inasomeka kwa taabu. Ya 1.8 inakuwa 0.9, hiyo msomaji wako atahitaji lenzi ya fundi saa. Namba za viwanja naziweka 3.5 na sijutii.

Tukiwa hapohapo kwenye herufi. Kuna aina mbili za fonti, zile za zamani za shx ambazo ni vijistari tu, na zile za Windows, TrueType. Za shx ni nyepesi na wazee wa kazi wanazipenda, mimi pia nazipenda kwa macho, ila ukizitoa kwenye PDF hazihesabiki kama maandishi, ni michoro ya herufi. Maana yake afisa akifungua PDF yako kwenye kompyuta yake, kitalu kina viwanja mia na kitu, anatafuta kiwanja namba 87, anaandika kwenye ule utafutaji, inamwambia hakuna. Kipo pale anakiona kwa macho lakini PDF haikijui. Matoleo ya AutoCAD ya miaka hii ya karibuni yalijaribu kusaidia kwa kubandika kila neno la shx kama komenti, sasa mtu akifungua anakuta ramani nzima imejaa vijisanduku, ukipitisha mausi vinaruka maneno, na mteja anapiga simu kuuliza nani ameandika andika kwenye ramani yake. Hiyo inazimwa, andika PDFSHX weka 0. Lakini dawa yenyewe ni kutumia Arial au fonti yoyote ya TrueType kwa namba za viwanja na majina ya barabara, utafutaji ukafanya kazi, shx ukaiacha kwenye vipimo vya pembeni ambavyo hakuna anayevitafuta.

Kingine kinachotesa ni picha za droni. Siku hizi kila kazi mteja anataka picha ya juu chini ya mistari ya viwanja, na kusema ukweli kwenye vikao vya mtaa inasaidia sana mana mtu anaona bati lake la kijani anatulia. Ila ujue unachobeba. A0 kwa dpi 300, yaani nukta 300 kila inchi, ni pikseli kama 9,930 kwa 14,040, hiyo ni milioni 139, kila pikseli ina baiti tatu za rangi, kabla haijabanwa ni megabaiti zaidi ya 400 kwa karatasi moja. Kompyuta ya stesheneri yenye ramu ya kubahatisha inaganda palepale na foleni nyuma yako wanakuangalia kwa hasira. Kwa picha ya chini dpi 150 inatosha kabisa, pikseli zinakuwa robo, na mtu anayeangalia ukutani hatofautishi. Mistari yako yenyewe haihusiki na hiyo, ni vekta, yaani mistari ya hesabu isiyo ya pikseli, inabaki kali.

Isipokuwa kitu kimoja kikufanye usilale: ukiweka alama kwenye ile Plot transparency ili rangi za matumizi ya ardhi ziwe za kupitisha mwanga, kuna uwezekano mkubwa karatasi inageuka rasta, mistari na herufi zote zinakuwa picha moja. Utaijua kwa kukuza kwenye PDF, ukiona mstari wa mpaka umekuwa ngazi ngazi ujue vekta imekufa. Mimi rangi za kupitisha nimeacha, nachagua tu rangi hafifu za kawaida na kuzipeleka nyuma ya vingine kwa DRAWORDER, inatoka vilevile na faili ni jepesi.

Na hata vekta ina dpi yake, hili wengi hawalijui. Ndani ya mipangilio ya ile pc3 kuna namba ya vekta, na hiyo namba inaamua kila nukta ya mstari wako inakaa kwenye vijigridi vya ukubwa gani. Kwa 400 kijigridi ni milimita 0.06, kwa 1:1000 hiyo ni sentimita 6 ardhini. Kwa 1200 inashuka mpaka sentimita 2. Kwenye karatasi jicho halioni tofauti, ila kuna watu wanachukua PDF yako wanaiingiza tena kwenye CAD kupata mistari, wakikuta kona imehama sentimita kadhaa wanakuambia upimaji wako mbovu. Anayetaka koodineti mpe orodha ya koodineti, PDF isifanywe kazi ambayo haikuzaliwa nayo.

Koodineti za kwetu nazo ni kubwa. Kwenye gridi ya UTM Tanga iko zoni 37 kusini, Northing (namba ya kwenda kaskazini) inaanzia milioni tisa na laki nne na kitu, Easting (ya kwenda mashariki) laki tano na kitu. Programu ikiwa mbali hivyo na sifuri hachi, zile chata za kujazia eneo, zinaanza vituko, mistari ya nyasi inapinda, au hachi inagoma kabisa, au inatoka kwenye kioo afu kwenye PDF haipo. Suluhisho la watu wavivu ni kusogeza mchoro mzima mpaka 0,0. Tafadhali usifanye, mtu wa pili akiupata huo mchoro hana njia ya kuurudisha, na kama ulizungusha kidogo basi ndo kwaheri. Sogeza chanzo cha hachi tu kwa HPORIGIN, bonyeza kona ya kiwanja chenyewe, inatulia. Na andika kwenye karatasi umetumia datamu gani, yaani msingi wa kuhesabia koodineti, Arc 1960 au WGS84, mana kati ya hizo mbili ardhi ileile inaruka kama mita 300, na ramani isiyosema iko kwenye ipi sielewi mtu anaisainije.

Sasa kazi ndefu. Tangu habari za bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima kuja kuishia hapa Chongoleani, kilomita 1,443, na barabara ya Pangani, watu wamezoea kusikia ramani za ukanda. Kuna vijana wanadhani unaweza kutengeneza karatasi moja ndefu tu ukaviringisha. Fikiria, kwa 1:1000 hilo bomba ni karatasi ya kilomita moja na nusu kasoro kidogo. Hata Tanga mpaka Pangani, kilomita 50 hivi, ni mita 50 za karatasi. Na PDF yenyewe ina kikomo chake, Acrobat ukurasa wa kawaida unaishia inchi 200, yaani milimita 5,080, kwahiyo kwa 1:1000 umebeba kilomita tano umeishia hapo. Inabidi ukate vipande vya A1, kila kipande kiwe na mstari wa kuungana na mwenzake na ramani ndogo pembeni inayoonyesha uko kipande cha ngapi. Leyauti zote zikishakuwa tayari usiziprinti moja moja kama unapanga foleni ya daladala, tumia PUBLISH, inatoa PDF moja yenye kurasa zote kwa mpangilio, na hakikisha kila leyauti imeshika Page Setup ileile yenye jina, sio kila moja na ya kwake.

Hapo umemaliza upande wako na ndo unaingia kwa kijana wa stesheneri. Hawa vijana siwalaumu, kwa siku wanaprinti mabango ya harusi na tangazo la mnada na kadi za msiba, kwao karatasi ikijaa ndo kazi imekuwa nzuri. Unamwambia "kaka, A1, usipunguze", anakujibu "poa bro, nimekufitishia kwenye karatasi imekaa freshi kabisa". Hiyo ndo sentensi ninayoiogopa kuliko zote. Mwombe ageuze kioo uone mwenyewe, kwenye Adobe Reader iwe Actual size, sio Fit, na uulize roli iliyomo kwenye plota, ile printa ya karatasi kubwa, ni ipi. Roli ya inchi 24 ni milimita 610, A1 inapita kwa kubana. A0 inahitaji inchi 36, milimita 914. Kama roli ni ya 24 na wewe una A0, mashine inaweza isikuambie haiwezi, ikapunguza na kuendelea na safari.

Karatasi ikitoka, kabla haijaviringishwa, toa rula. Mimi kwenye kila ramani naweka misalaba ya gridi kila milimita 100 ya karatasi, kwa 1:1000 ni kila mita 100, kwa 1:500 kila mita 50, na mstari wa skeli chini. Pima misalaba mitano kwa upana, afu pima mitano kwa urefu. Zote mbili, usipime moja ukatosheka, kwa sababu plota inavuta karatasi upande mmoja na kichwa kinatembea upande mwingine, uvutaji ukiwa umelegea unakuta upana sawa kabisa milimita 400 na urefu 402, na hilo sio la PDF wala la kijana, ni mashine inataka kurekebishwa. Mstari wa skeli peke yake hauwezi kukuonyesha hilo mana umelala upande mmoja tu. Faida yake ni nyingine, hata mtu akija kuipiga kopi akaipunguza anavyotaka, wenyewe unapungua nayo, ile namba ya 1:500 iliyoandikwa ndo inabaki kudanganya.

Na hewa ya hapa, nyie mnajua, nguo haikauki sembuse karatasi. Karatasi inanyonya unyevu inavimba kidogo, ramani iliyokaa miezi kwenye ofisi ya karibu na bahari ukipima utapata tofauti kidogo na ile iliyotoka leo. Ndo maana wazee wa upimaji waliipenda filamu ya plastiki, haivimbi. Kwa vikao karatasi ya kawaida inatosha, ila usije ukapima kiwanja kwenye karatasi ya mwaka juzi iliyokaa dirishani afu ukaanza kubishana na sentimita.

Wale wasio na leseni ya AutoCAD, na tuwe wakweli bei yake si ya mchezo, QGIS ni bure na upande wake wa leyauti naona kwa ramani za viwanja unatoa PDF nzuri tu, unaandika skeli kwa namba yenyewe bila hesabu za xp, karatasi unaiweka milimita unazotaka, na ukitoa kuna mahali pa kuchagua vitu vibaki vekta na herufi zibaki maandishi. Weka zote mbili. Ni bora mara mia kuliko kubaki na lile toleo la mwanafunzi la zamani linalopiga muhuri wake pande zote nne za karatasi, na lina tabia mbaya ya kuambukiza, ukinakili kipande kutoka mchoro wenye muhuri na wako unaupata.

Kutuma: WhatsApp sawa, lakini kama dokumenti. Mtu anafungua PDF kwenye simu, anapiga skrinishoti, anatuma hiyo kwenye grupu la mtaa, kesho yake kuna mtu ameiprinti A4 na amekuja nayo kwenye kikao na rula. Huwezi kuzuia, ila unaweza kuandika kwenye ramani kubwa kabisa kwamba vipimo halali ni vya jedwali la koodineti. Acha pia nafasi tupu ya kutosha kwa mihuri na sahihi, mana zinakuja nyingi, na nimeona muhuri umepigwa juu ya namba za bikoni kwa sababu mchoraji alijaza jedwali mpaka ukingoni.

Jina la faili lisiwe ramani_final_mpya2. Mimi naweka mtaa, kitalu, saizi ya karatasi, skeli, na namba ya toleo, R1, R2, na R hiyohiyo inaonekana kwenye kisanduku cha ramani pamoja na tarehe mbili, ya upimaji na ya kuprinti. Kikao kimoja mzee alizisoma zote mbili kwa sauti akauliza ipi ndo ya ramani. Nikamwambia ya upimaji, hiyo nyingine ni siku ya kulipa stesheneri.